Redio Iliyofichwa, Simu Isiyokuwepo

Magunga
Aprili 20, 2020

Mellen,

Hii ni mara ya nne naanza barua hii. Zile tatu za kwanza zilikuwa na salamu ndefu za heshima, nikakumbuka hatujawahi kusalimiana hivyo tangu tufike shule ya bweni Rangwe tukakalishwa dawati moja, nikazichana. Natumai u mzima. Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Habari za zile njia tatu unazo, lakini niache nilalamike. Mwalimu Nashon anasema tutafundishwa nyumbani kwa karatasi, kwa redio au kwa simu mpaka korona iishe. Kila familia njia moja tu. Kazi ya muhula irudishwe kwa njia hiyo hiyo, na ambaye hatakuwa amerudisha yote kufikia Ijumaa, Juni 26, atarudia Kidato cha Pili shule ikifunguliwa. Nimeelewa. Lakini nani ana redio na nani ana simu, walijuaje? Waliuliza. Na hapo ndipo Dani alipoharibu.

Dani ni nyanya yangu, ndiye ninayekaa naye. Ana sheria moja: mtu akija na daftari kuandika majina, wewe huna kitu. Ndivyo alivyopata chandarua, na ndivyo alivyopata mahindi mwaka ule wa mafuriko. Basi naibu wa chifu alipofika kutuandikisha kwa niaba ya shule, akauliza, "Mama, una redio?"

"Redio nitoe wapi, mwanangu?"

Na redio wakati huo inasoma matangazo ya vifo mle ndani, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Na hiyo inayosema ni nini?"

"Hiyo ni ya jirani."

"Mbona iko nyumbani kwako?"

"Jirani ameisahau."

Mellen, nilitamani ardhi inimeze. Naye naibu wa chifu akaandika "hawana", kwa sababu nyumba zote za huku zilijibu vivyo hivyo. Kwa hiyo mimi ni mtu wa karatasi. Zinaletwa ofisini kwa naibu kila baada ya wiki mbili, Jumanne. Ni maswali matupu, hakuna maelezo hata mstari mmoja, na ile ya kwanza haina ukurasa wa tatu. Nilipomwomba Dani aniachie redio saa ya vipindi vya shule, akasema wafu hawasubiri, masomo yatasubiri.

Wewe mama yako alichagua simu. Unamsikia Mwalimu mwenyewe akieleza. Kwa hiyo nina ombi: mimi nitakunakilia maswali ya karatasi zangu, nawe uniandikie anayofundisha kwenye simu. Orpah, jirani yetu, hupeleka dagaa wa omena soko la Suna kila Alhamisi. Barua zetu zitanuka, lakini zitafika.

Sitaki tutenganishwe, mimi nirudie na wewe uendelee. Sijui nitakaa na nani.

Lynnet

*

Suna, Migori
Aprili 30, 2020

Lynnet,

Barua imefika na harufu yake yote. Paka wa jirani ameifuata mpaka mlangoni.

Nimecheka sana hiyo redio ya jirani. Mama pia amecheka, kisha ghafla akaacha kucheka akaenda kufua. Biashara ya mitumba imelala. Marobota mapya hayaingii, kwa hiyo tunafua za zamani na kuzipiga pasi zionekane kama zimeshuka jana. Mimi nashinda kwenye beseni. Mikono yangu imekuwa kama ya bibi kizee.

Simu ipo. Ni kubwa. Mwalimu anafundisha vizuri tu.

Nimekuandikia somo la Biolojia kuhusu jinsi viumbe wanavyobadilishana hewa, kurasa nne, na maswali mwishoni. Niletee majibu nitamtumia akusahihishie. Lakini usiandike majibu marefu kama kawaida yako, bando linaisha.

Na usiogope mambo ya kukaa na nani. Utakaa na mimi, au na ukuta. Wewe na ukuta mnaongea sawa.

Mellen Nyasuguta

*

Magunga
Mei 6, 2020

Mellen,

Ukuta umesoma barua yako na unakushukuru.

Majibu haya hapa. Nimejaribu kufupisha. Nimeshindwa kwenye swali la tano.

Sasa mambo mawili yanayoniudhi. La kwanza, karatasi za wiki hii zimekuja zikiwa za Kidato cha Tatu. Naibu wa chifu alipoambiwa akasema, "Si ni masomo? Soma tu, utakuwa mbele ya wenzako." Nimezirudisha. Nimekunakilia zile za mwanzo, pamoja na ukurasa wa tatu nilioupata kwa msichana wa kanisani kwetu.

La pili ni wewe. Umeandika kwamba samaki huvuta hewa iliyo ndani ya maji kwa matamvua yake, ukaishia hapo. Huku kwetu nawaona samaki wakitolewa majini kila asubuhi. Nje kuna hewa tele kuliko ndani ya maji. Sasa kwa nini samaki akitolewa penye hewa nyingi anakufa kwa kukosa hewa? Nimelifikiria swali hili tangu darasa la sita. Sijawahi kumuuliza mtu, unajua ninavyokuwa nikitakiwa kusimama. Tafadhali muulize Mwalimu kwa simu. Usiseme ni langu.

Lynnet

*

Suna
Mei 14, 2020

Lynnet,

Nimemwambia ni lako. Nisamehe, au usinisamehe.

Amechukua siku mbili kujibu. Anasema hivi: chukua kitambaa chepesi cha shifoni ukitie ndani ya beseni la maji. Kitatandaa, kila mkunjo utajiachia, maji yatapita kila mahali. Sasa kinyanyue. Kinafanya nini? Kinagandamana, kinakuwa donge moja. Matamvua ni hivyo hivyo. Ndani ya maji yametandaa, nje ya maji yanashikana na kukauka, hewa haina pa kupitia. Hewa ipo lakini mlango umefungwa.

Umepata kumi na saba kwa ishirini. Na amesema nikuandikie maneno haya kama yalivyo: "Mwambie Lynnet kwamba shule ikifunguliwa aulize swali hili kwa sauti, kwa maana darasa zima lilikuwa linalihitaji na hakuna aliyejua."

Basi. Naenda kwenye beseni.

Mellen

*

Magunga
Mei 22, 2020

Mellen,

Maneno ya Mwalimu nimeyasoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea mahali pa mkunjo. Nilimsomea Dani kwa Kijaluo. Akazima redio, Mellen. Aliizima katikati ya matangazo ya vifo. Akasema nirudie. Sasa amemwambia Orpah, na Orpah amewaambia wanawake wote wa omena, na jana mtu nisiyemjua aliniuliza kama ni mimi mtoto wa swali la samaki. Nilikimbilia nyuma ya choo.

Nilijaribu na leso kuukuu ya Dani kwa sababu hatuna shifoni. Ni kweli kabisa. Ila kuna kitu: Mwalimu Nashon amejulia wapi shifoni? Mtu ambaye amevaa sweta moja tangu tuko Kidato cha Kwanza?

Kazi yako umesharudisha yote? Hujawahi kuniambia. Mimi nimebakiza karatasi tatu. Nijibu hilo, tafadhali.

Lynnet

*

Magunga
Juni 3, 2020

Mellen,

Orpah amerudi Alhamisi mikono mitupu. Sasa najua kwa nini.

Jana ilikuwa Jumanne ya karatasi, na aliyezileta ni Mwalimu Nashon mwenyewe, kwa sababu wazazi wamelalamika. Tulikuwa wanafunzi kumi hivi tumesimama mbalimbali na barakoa zetu. Nikajiambia, leo. Nikatoka kwenye foleni mbele ya watu wote, nikasema, "Mwalimu, asante kwa maneno uliyonitumia. Ya samaki."

Akauliza, "Maneno gani?"

Nikamweleza. Nikamtajia beseni na shifoni, watu wote wakisikia.

Akasema, "Lynnet, mimi sijakuandikia chochote. Umeyapata kwa nani?"

Nikasema, kwa Mellen, kwenye kundi la WhatsApp.

Akavua miwani. Akasema Mellen hajaonekana kwenye kundi hata siku moja tangu lianzishwe. Kila akipiga simu, mama anasema simu iko sawa, mtoto anasoma. Hakuna kazi hata moja iliyofika. Jina lako liko juu kabisa kwenye orodha ya watakaorudia.

Sijui niudhike na lipi kwanza. Umenidanganya wiki tano. Umenisahihishia kwa kalamu nyekundu! Umenifanya nijivunie kwa nyanya yangu maneno ambayo hayakusemwa na mtu. Na ulinifanya niongee mbele ya watu, mimi, kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwepo. Mimi nakunakilia maswali mpaka kidole kinafanya sugu nikidhani tunavuka pamoja, kumbe wewe umekaa tu unangoja kubaki.

Niambie ukweli au usiniandikie tena.

Lynnet

*

Suna
Juni 4, 2020

Lynnet,

Nimeandika ukweli. Usiusome kwa haraka.

Simu yetu ni mulika mwizi. Ina tochi, inapiga, inapokea, basi. Siku Mwalimu alipopiga kuuliza njia, Mama alikuwa kibandani, na kipaza sauti cha simu hiyo kikiwashwa hakizimiki, mpaka uzime simu yenyewe. Wanawake wa vibanda vinne walikuwa wametulia kimya wakisikiliza. Mwalimu akauliza, "Mama Mellen, nyumbani mna simu janja?" Na hapo kando amekaa Mama Beverly, ambaye tangu mitumba ilale anawaambia watu sisi tumekwisha. Mama akajibu, "Tunayo, Mwalimu. Tena kubwa." Akaandikwa.

Dani wako alificha alichonacho. Mama yangu alionyesha asichonacho. Yaani hawa watu!

Nilimwambia aende abadilishe. Lakini Mwalimu anasema mzazi anayetaka kubadilisha njia lazima afike shuleni mwenyewe aseme kwamba alisema uongo, na aweke sahihi. Mama anasema afadhali nirudie darasa. Anasema mtu wa Sabato hawezi kuweka sahihi chini ya uongo wake mwenyewe. Nikamwambia mtu wa Sabato hawezi kusema uongo vilevile. Tulikaa siku mbili bila kuongea.

Barua yako ya kwanza ilipofika ukaomba masomo, ningesemaje? Niliazima kitabu cha Biolojia kwa binti wa fundi cherehani, nikasoma, nikakuandikia. Nikagundua kwamba ili nikueleze lazima kwanza nielewe. Swali lako la samaki halikuwa kitabuni. Nilikaa nalo siku mbili. Siku ya pili nilikuwa nafua blauzi ya shifoni, nikaitoa majini, nikaiangalia inavyoshikana, nikapiga kelele mpaka Mama akadhani nimeumwa na kitu.

Kwa hiyo maneno yale yalisemwa na mtu. Niliyasema mimi. Niliweka jina la Mwalimu kwa sababu nikisema mimi unanicheka.

Na sikukaa tu. Karatasi zote ulizoninakilia nimezijibu. Ziko chini ya godoro. Lakini mimi si mtu wa karatasi, kwa hiyo hazihesabiwi.

Usimwambie mtu.

Mellen

*

Magunga
Juni 10, 2020

Mellen,

Nimemwambia mtu.

Bado nina hasira, ujue hivyo. Ila nilipofika mahali pa "nikapiga kelele mpaka Mama akadhani" nilicheka, Dani akauliza nacheka nini, na Dani hamalizwi kwa "hakuna". Nikamsomea barua yote. Kuhusu kipaza sauti alicheka akashika ukuta. Kisha akafuta macho. Akauliza huyo mama ana umri gani. Nikasema sijui, kama arobaini. Akasema, "Bado mdogo. Ndiyo maana anaona aibu."

Nikamwambia, na wewe je, uliyesema redio ni ya jirani?

Akachukua leso yake akaikunjua. Nilijuta. Halafu akasema, "Orpah anasafiri lini?"

Sijui anataka nini. Ameomba nimwandikie jina la kibanda chenu. Ameifunga redio kwenye leso na hataki kuniambia kwa nini. Nimemwambia mwanamke wa umri wake hapaswi kutembea tembea na ugonjwa huu, akasema barakoa anayo. Ni kweli anayo. Anaivaa kidevuni.

Anakuja na barua hii. Akikuaibisha, kumbuka mimi ninaishi naye kila siku.

Lynnet

*

Suna
Juni 18, 2020

Lynnet,

Kwa nini hukuniambia Dani wako ni mtu wa namna hii!

Alifika kibandani saa nne asubuhi, amejaa vumbi, redio kifuani kama mtoto. Hakumsalimu Mama kwa sauti ya kusikika na vibanda vingine. Alikaa juu ya robota, akaanza kuchagua blauzi kama mteja. Baada ya muda akasema kwa Kiswahili chake, "Mama Mellen, mimi nimekuja unisaidie. Nimemdanganya mwalimu, na naogopa kwenda peke yangu."

Mama akauliza, umemdanganya nini. Akamweleza ya naibu wa chifu na jirani aliyesahau. Mama alicheka, Lynnet. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Machi. Kisha Dani akasema, "Basi twende. Mimi nitaanza. Wewe utanisindikiza tu. Na kama ukifika pale ukikumbuka lako, utasema."

Mama akaniangalia. Akajua kwamba nimekuandikia. Nilidhani nitapigwa. Akafunga kibanda.

Mchana huo huo tulikuwa shuleni Rangwe, sisi watatu. Tumenawa mikono langoni, tumeingia. Dani akafungua leso, akaiweka redio mezani. "Mwalimu, nilisema sina. Ninayo, hii hapa. Ukiwa na shaka, iwashe."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nikasikia mkoba unafunguliwa. Akaja, akaweka mulika mwizi kando ya redio, akasema, "Na mimi nilisema ni kubwa."

Mwalimu Nashon aliviangalia vile vitu viwili, akashika kichwa. "Magunga nzima haina redio hata moja," akasema. "Na Suna nzima ina simu janja. Miezi miwili najiuliza, huko ziwani watu wanasikiaje mpira? Kina mama, mngeniambia tu ukweli, mtoto wa Magunga angekuwa kwenye redio na wa Suna kwenye karatasi, na mimi ningekuwa nimelala usingizi!"

Dani akamwambia, "Na wewe ungeuliza bila daftari."

Mama ameweka sahihi. Sasa mimi ni mtu wa karatasi. Mwalimu akasema, lakini zimebaki wiki mbili, na karatasi ni nane, utaweza? Nikatoa zile za chini ya godoro, zote nane. Akasema, "Huu ni mwandiko wa Lynnet." Nikasema maswali ni yake, majibu ni yangu. Akasoma moja baada ya nyingine bila haraka, nami nikawa nahesabu kurasa, kwa sababu nilijua anaelekea kwenye ile ya Biolojia, ambamo nilikuwa nimeandika pia jibu la samaki.

Alipofika akauliza, "Shifoni ni wewe?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ulisema mimi nimesema aulize kwa sauti."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akazipanga karatasi zangu pamoja. Kisha akasema, "Sikuyasema. Lakini sitayakanusha tena."

Nimetolewa kwenye orodha. Kila mtu anasema tutavuka. Nisamehe kabisa sasa, si nusu.

Mellen

*

Magunga
Julai 9, 2020

Mellen,

Umesikia?

Mimi nilisikia mwenyewe, redioni. Dani siku hizi ananiachia saa ya vipindi vya shule, na anakaa karibu anajibu maswali ya Hisabati kabla yangu. Juzi kipindi kilikatizwa kwa habari: mwaka huu wa masomo umepotea, shule zitafunguliwa Januari, na madarasa yatarudiwa. Na wote. Aliyerudisha karatasi na asiyerudisha. Mwenye simu, asiye na simu, na mwenye simu ya mdomoni.

Nilitupa kalamu. Nimenakili maswali themanini na sita, Mellen. Nimesimama mbele ya watu. Nimegombana na wewe wiki nzima mpaka nikakosa hamu ya kula. Dani amebeba redio mpaka Suna na kurudi. Mama yako ameweka sahihi chini ya aibu yake. Orodha yenyewe sasa naambiwa wamefungia sukari.

Nilimwambia Dani tumejisumbua bure. Akasema bure yake imemletea rafiki. Kumbe tangu siku ile yeye na mama yako wanapigiana simu kila Jumapili, kipaza sauti kikiwa wazi, soko zima likisikiliza.

Nimekusamehe. Nilikusamehe niliposoma ile ya beseni na shifoni, ila sikutaka ujue mapema.

Endelea kuniandikia masomo. Weka jina lako.

Lynnet

*

Darasani, karibu na dirisha
Januari 6, 2021

Mellen,

Ukimaliza kusoma, irudishe karatasi hii kwa mguu, Mwalimu anaangalia huku.

Nimeshindwa kuamini. Miezi tisa tumepigania dawati moja, tumefika, na sheria mpya ni mtu mmoja kwa dawati, mita moja katikati. Nimepima kwa rula. Si mita moja, ni mita moja na sentimita kumi na nne. Wametuzidishia.

Ameandika ubaoni "Viumbe na hewa". Tunaanza upya pale pale. Sasa anasema, "Kuna mwenye swali?"

Ninalo. Ninasimama. Nikikwama katikati, usiniangalie, kohoa tu. Hapana, usikohoe, na hii korona watakutoa nje. Angusha kitabu.

Na akiuliza nani anaweza kueleza, tafadhali inua mkono. Mimi sitaki kulisikia jibu lile kwa mtu mwingine.

L.